Popo wa Babu na Dari ya Baba Mkubwa

Nyumba ya babu haikuwa na popo mpaka baba mkubwa alipoamua kuipendezesha. Kabla ya hapo ukilala ndani ulitazama bati moja kwa moja, na mvua ya Kyela ikianza hukumsikia hata mtu aliyekaa pembeni yako. Babu hakuwahi kulalamika. Lakini baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, ana cheo katika ofisi moja huko Mbeya, na mtu mwenye cheo hawezi kukubali mzazi wake alale chini ya bati tupu. Akaleta dari ya jipsam yenye maua pembeni. Mafundi wakaifunga, wakaipiga picha, wakaondoka. Mwanya ulio kati ya ukuta na bati, ambao mkono mzima unapita, wakauacha wazi kuzunguka nyumba nzima. Kwenye picha hauonekani.

Ukitaka kuwajengea popo makazi, huwezi kufanya kazi nzuri zaidi ya ile. Juu bati la kuwapa joto, chini ubao wa jipsam, katikati giza la kutwa nzima, na mlango kila upande. Niliporudi nyumbani Mwaya na shahada yangu ya usimamizi wa wanyamapori, ambayo hadi leo hakuna ofisi iliyoihitaji, popo walikuwa wenyeji kunizidi. Dari nyeupe ilikuwa na madoa ya rangi ya chai. Harufu ilikupokea mlangoni kabla ya babu.

Majirani walifurahi sana. Mmoja, mwenye shamba la kakao linalopakana na letu, kila akinikuta njiani aliniuliza kama nimeshaajiriwa na popo. Mwingine alisema serikali imetusomesha mtaalamu wa panya wenye mabawa. Nilicheka nao, halafu nikaenda kukaa chumbani kufikiria kwa nini nimecheka, na kama kucheka kwangu kumewapa ruhusa ya kuendelea. Ndivyo nilivyo. Naweza kuitafuna salamu ya asubuhi mpaka jioni.

Masika yalipoanza, baba mkubwa alipiga simu ya video. Kazi ya kushika simu mbele ya uso wa babu ilikuwa yangu, na kwa bahati mbaya mkono wangu ulichoka ukaielekeza juu. Baba mkubwa akaliona doa lililokuwa juu ya kiti cha mzee. Akanyamaza kwa namna anayonyamaza akitaka watu wajue anafikiri. Kisha akatangaza kwamba baba yake hawezi kuishi chini ya mavi. Kama popo hawatakuwa wameondoka ifikapo likizo ya mwezi wa sita, atakuja na gari amchukue mzee akaishi naye Mbeya, moja kwa moja, na nyumba ile ifungwe.

Babu alimsikiliza hadi mwisho. Akasema, "Sawa, mwanangu," kwa sauti ya mtu anayempa mtoto pipi ili aondoke. Simu ilipokatika akanigeukia.

"Mke wangu," akasema, maana sisi wajukuu wa kike ndivyo anavyotuita, "ukiwashindwa hao popo wako mimi nitakufa Mbeya. Sitakufa kwa ugonjwa. Nitakufa kwa aibu."

Nilidhani ni utani. Nilidhani anazungumzia kaburi la bibi, lililo hatua chache kutoka dirishani kwake, au baridi ya Mbeya. Nililichambua neno lile "aibu" kwa siku nyingi, nikalipa maana zote isipokuwa ile yenyewe, ambayo ilikuwa mbele ya macho yangu kila siku.

Kwetu, mwanamke haonani na baba wa mume wake. Si ugomvi, ni heshima. Familia nyingi siku hizi zimelegeza, wengine wamebakiza kuinamisha kichwa tu, lakini kwetu jambo hili halijaguswa. Mama yangu aliolewa katika ua huu akiwa msichana. Baba amefariki, mama amebaki, nyumba yake inatazamana na ya babu, na hawajawahi kukaa chumba kimoja. Mama akitaka kuvuka ua hukohoa akiwa bado kwenye migomba, babu hugeuzia kiti ukutani au huingia ndani. Mama ndiye anayempikia, anayemfulia, anayejua ni siku gani amekula kidogo. Lakini chakula kinabebwa na mimi, na majibu yanarudishwa na mimi. Chuoni niliwasimulia wenzangu habari hii ili wacheke, nao walicheka, nami nikajiona mtu aliyetoka gizani. Nikirudi likizo nilikuwa nabeba sahani kati ya nyumba mbili na kuwadharau wote wawili kimyakimya.

Nilianza kazi. Jioni nilikaa uani na kutazama wanatokea wapi. Kuna saa ambayo wadudu wa ziwani wanainuka kama moshi, ukiacha mdomo wazi unawala, na saa hiyohiyo popo walimwagika kutoka kona moja ya paa, upande wa machweo, wakaelekea kwenye mpunga. Walipitia kona ile karibu wote. Mianya mingine waliitumia wachache. Hiyo ilikuwa habari njema. Habari mbaya niliipata nilipopanda ngazi mchana, nimefunga barakoa mbili na kuvaa glovu za kuoshea vyombo, nikachungulia kwenye tundu la dari. Pembeni mwa mihimili kulikuwa na watoto. Wadogo, wa rangi ya waridi, hawana manyoya, wamebanana kama karanga kwenye ganda.

Maana yake ilikuwa rahisi, na niliieleza kwa watu wengi kuliko ilivyohitajika. Ukiziba mianya wakati huo, mama zao watabaki nje na watoto watakufa ndani, dari itanuka vibaya kuliko mwanzo, na mama watahangaika usiku wakitafuta njia mpaka waingie vyumbani. Ukiwafukiza moshi ni hivyohivyo. Unasubiri watoto waanze kuruka, ni wiki chache tu. Halafu unaacha tundu moja, unaweka kitu kinachowaruhusu kutoka na kuwazuia kurudi. Wakishatoka wote unaziba. Hakuna anayekufa, hakuna sumu, na mbu wa kwenye mpunga wanaendelea kuliwa bure.

Baba mkubwa alinisikiliza kwenye simu kwa muda wa kupumua mara moja. Akaniuliza kama popo nao siku hizi wana likizo ya uzazi. Nikasikia watu wa ofisini kwake wakicheka. Sijawahi kukutana na mtu anayejua mambo machache kwa sauti kubwa kiasi kile. Akasema ameshampata fundi kutoka Kasumulu, mtu wa vitendo, atakuja na salfa achome ndani, popo wafe, kisha azibe kila mahali kwa saruji. Mzee atahamia kwa muda kwa mama yangu, ng'ambo ya ua, mpaka harufu iishe.

Nataka hili lieleweke vizuri. Mtu aliyezaliwa katika ua ule, aliyelelewa na babu huyohuyo, alipanga baba yake akalale katika nyumba ya mke wa mwanawe. Akatuma mpango huo kwenye kundi la familia la simu. Shangazi wakajibu kwa alama za dole gumba. Binamu zangu wakajibu amina. Ukoo mzima ukaupitisha mpango ambao hauwezekani, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumkosoa mwenye cheo. Mimi pia sikuandika kitu. Niliandika na kufuta, niliandika na kufuta, mpaka simu ikaisha chaji.

Fundi alifika asubuhi moja mvua ilipopumzika. Alikuwa mtu mnene mwenye furaha, na alikuwa ameleta jiko la mkaa, mfuko wa unga wa salfa na saruji. Hakuuliza popo wako wapi. Aliingia sebuleni, akatazama juu, akasema hawa ni wa dakika ishirini. Kisha akamwomba babu atoke. Babu akamuuliza atoke aende wapi. Fundi akaonyesha nyumba ya mama kwa kidole, akasema ameambiwa na bosi.

"Nikalale kwa mkamwana wangu?" babu akauliza.

"Ndiyo, mzee. Siku mbili tatu tu."

Babu alimtazama kwa huruma niliyoiona imezidi. Mimi nilikuwa nimesimama na chupa ya chai, nikipanga sentensi. Nilikuwa na sentensi nzuri sana kuhusu mzunguko wa uzazi. Fundi akasema kama hataki huko, basi akakae hata chini ya mti, muhimu nyumba iwe tupu. Hilo lilikuwa na akili, na ndilo lililoniogopesha. Babu angeweza kukaa nje. Alianza kutafuta fimbo yake.

Hapo ndipo mama alipotoka kwake na ungo wa mchele.

Hakukohoa. Alivuka ua amejitanda khanga kichwani, akatandika mkeka mbele kabisa ya mlango wa babu, akaupa mlango mgongo, akakaa, akaanza kupeta. Jirani wa kakao, aliyekuja kutazama, akashika kinywa. Kwa desturi ni mama anayetakiwa kukimbia. Lakini akikataa kukimbia, babu hawezi kupita. Na mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na mafundi wa dari, ili wapate ukuta wa kuwekea maua yao.

Fundi hakuwa mtu wa kwetu. Alisema, "Mama, tupishe kidogo mzee atoke." Mama akaendelea kupeta. Akasema tena. Mama akamjibu bila kugeuka kwamba mchele una pumba na yeye hana haraka. Fundi akanitazama mimi. Nikamweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyoona amefika kwenye nchi ya wendawazimu. Akampigia simu baba mkubwa. Baba mkubwa akataka kuongea na mama. Nikapeleka simu. Mama akasema mikono yake ina pumba.

Ilikuwa hivyo mpaka mchana. Babu alikaa ndani mgongo wake ukielekea mlangoni, mama alikaa nje mgongo wake ukielekea mlangoni, na fundi alikaa katikati juu ya mfuko wa saruji akila ndizi zetu. Babu aliniita ndani mara moja tu.

"Mke wangu," akasema kwa sauti iliyotosha kufika nje, "kamwambie mama yako mchele huo umeshakuwa mweupe. Akiendelea hivyo utabaki upepo. Lakini asiondoke."

Nilitoka nikampa ujumbe. Mabega ya mama yalitikisika chini ya khanga. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kujua kwamba wanachekeshana.

Fundi aliondoka mvua iliporudi, akituachia mfuko mmoja wa saruji uliokwisha kuingia unyevu. Jioni mama alinipa jogoo nimpelekee babu, ndiyo faini ya kosa lake la kumkaribia mkwe, na babu akampokea, akasema ndaga, ndiyo asante ya kwetu, akaagiza achinjwe na mapaja yarudi kwa aliyemtoa. Baba mkubwa aliandika kwenye kundi kwamba kuna watu wanazuia maendeleo. Alama za dole gumba zikamiminika tena.

Wiki zilizofuata nilizitumia kusubiri, na kusubiri ni kazi ninayoifanya vibaya. Niliwaza watoto wa popo watachelewa. Niliwaza wataumwa, babu ataumwa, mimi nimeshaumwa tayari maana niliwahi kuparuzwa na ubao wenye uchafu wao, na nikaenda zahanati kuuliza kuhusu kichaa cha mbwa mpaka muuguzi akaniuliza nimeumwa na mbwa gani. Katikati ya hofu hizo nilitengeneza masanduku. Nilichukua mbao za sanduku bovu la kuvundikia kakao, mbao ngumu zilizokwaruzika, nikazipigilia mbilimbili nikiacha nafasi nyembamba katikati na chini wazi, ili popo apate pa kushika kucha. Nikayafunga juu kwenye michikichi ya ukingoni mwa mpunga, yapate jua la asubuhi. Jirani wa kakao akauliza asali itakuwa tayari lini. Nikamjibu kwamba yeye ndiye wa kwanza kuonjeshwa. Hilo sikulifikiria mara mbili, na halijanisumbua hata leo.

Nilipochungulia tena, watoto walikuwa na manyoya na jioni walikuwa wanatoka na wakubwa, wakiyumba. Nikasubiri kidogo zaidi, kwa woga. Kisha nikaziba mianya yote kwa wavu wa waya na ile saruji ya fundi, sehemu iliyokuwa bado unga, nikaiacha kona ya machweo. Pale nikaning'iniza chandarua kikuukuu, kimebanwa juu na pembeni, chini kimeachwa huru. Popo akitoka anatambaa chini ya kitambaa na kudondoka hewani. Akirudi anaufuata mwanya wake wa zamani, anakuta kitambaa, wala hajui kuingilia chini. Jioni ya kwanza babu alikaa kwenye kiti chake nje akitazama. Walitoka mmojammoja, wakijikwaa kwenye chandarua kama watu wanaotoka kanisani mvua inanyesha.

Mama naye alitazama, kutoka jikoni kwake. Kila mmoja aliniambia nimpe mwenzake taarifa.

Siku kadhaa baadaye hapakutoka hata mmoja. Nikaziba kona. Nikalowesha mavi yote kwa maji na dawa kabla ya kuyagusa, nikayazoa, nikayapeleka kwenye migomba. Chini ya sanduku moja kwenye mchikichi nilianza kuona punje nyeusi kama mchele. Masanduku mengine yalibaki tupu. Popo wengine sijui walikwenda wapi, na kwa kuwa paa la jirani wa kakao nalo lina mianya, sikuuliza.

Baba mkubwa alifika mwezi wa sita na mke wake. Kiti cha nyuma cha gari kilikuwa kimeshatandikwa blanketi na mto. Aliingia sebuleni kwa babu akiwa amejiandaa kuziba pua, akakosa sababu. Akatazama juu, akalipata doa, akaniuliza ile ni nini. Nikasema doa. Akasema hali ya hewa ya huku haifai kwa mzee. Nikasema mzee amezaliwa huku. Akasema hospitali iko mbali. Akasema nyumba haina uzio. Nilikuwa nimekesha wiki nzima nikihofia popo watarudi kabla hajafika, na sasa alikuwa amesimama mbele yangu akiwaruka popo kama dimbwi. Gari lilikuwa limeshatandikwa. Alikuwa ameshawatangazia watu.

Wakati huo mke wake alikuwa ameshuka. Ni mhasibu, mtu wa Morogoro, na kwetu alikuwa amekuja kwenye misiba tu, ambako wanawake wana upande wao. Nilimdharau kwa viatu vyake, nakiri sikuwa na sababu nyingine. Akamwona babu kwenye kiti nje, akamwendea mikono imefunguliwa.

Babu akainuka, akazunguka kona ya nyumba. Mama mkubwa akamfuata. "Baba, shikamoo! Mbona unanikimbia?" Wakatokea upande wa pili, babu mbele na fimbo, amejifunika uso kwa kofia, yeye nyuma anacheka. Walipoanza mzunguko wa pili hakuwa anacheka tena.

Mama alimngojea kwenye kona, akamshika mkono.

"Dada, usimfuate. Mkwe wetu hatukutani naye. Mimi nipo hapa tangu msichana, na sura yake naijua kwenye picha."

Mama mkubwa alisimama. Akasema polepole kwamba miaka yote alidhani mzee hampendi. Halafu uso wake ukabadilika, nikaona anapiga hesabu.

"Kwangu kuna korido moja," akasema. "Na choo kimoja." Akamgeukia mume wake, aliyekuwa ametoka nje. "Ulikuwa unajua?"

Baba mkubwa akasema mambo hayo yamepitwa na wakati, mzee atazoea.

"Atazoea nini? Kujifungia chumbani mpaka nitoke kazini? Na Jumamosi je?" Hakupandisha sauti. "Mzee haendi popote."

Baba mkubwa akalitazama gari. Walikula wali wa mama, yeye akala mwingi. Kabla ya kuondoka nilimsikia akimweleza mtu kwenye simu kwamba ile kero ya popo kwa mzee ameshaishughulikia.

Mke wake alikunja blanketi la kiti cha nyuma, akapanga mikungu ya ndizi tuliyowapa. Mto akanipa mimi, akasema nimpelekee. Babu alikuwa ndani, amekaa katikati ya kitanda. Akauliza umetoka kwa nani. Nikamwambia umetoka kwa mkamwana wake mkubwa.

Akaupokea kwa mikono miwili. "Ndaga," akasema. Kisha akaniuliza kama gari limeshaondoka, ili atoke nje akakae.